Kutua: neno la mabegani lililofika Mwezini

Msomaji wetu wa Kirumba, Mwanza, anayeandaa kipindi cha sayansi redioni, ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Nilikuwa natayarisha habari za vyombo vinavyopelekwa Mwezini. Nikaandika 'chombo kimetua Mwezini kwa ulaini'. Mhariri wangu akaifuta sentensi yote. Anasema kutua ni neno la ndege, tukilipeleka anga za juu tunaliazima tu, na bora niseme 'kimewasili'. Nikamuuliza mbona kwenye kurasa za michezo kila siku mchezaji 'anatua' Simba au Yanga. Akanijibu kwamba hao ndio wanaoharibu lugha. Naomba unieleze, kutua maana yake hasa ni nini? Na chombo kikifika kule kikavunjika, tuseme kimetua au hapana?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza neno ninalolipenda, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Nianze na mhariri wako. Kwenye "kwa ulaini" ana hoja, nitaifikia. Kwenye kutua hana. Neno hili halikutoka kwenye ndege likapanda kwenda Mwezini. Lilitoka kichwani na begani mwa mtu aliyebeba mzigo, na ndege ilipokuja ililikuta liko tayari.

Wewe uko Kirumba, na somo lenyewe liko jirani na mlango wako. Nenda Mwaloni alfajiri, wakati boti za dagaa kutoka visiwani zimeshafika. Simama pembeni, samaki waache, angalia mabega ya makuli. Gunia la dagaa wakavu si zito kama la mahindi, ila ni kubwa, linamfunika mtu mpaka shingo haionekani. Kuli anapita juu ya ubao kutoka botini, ubao unabonyea, anakanyaga mchanga, anafika penye rundo. Hapo anatoa neno moja: "Nitue!" Mwenzake anasogea, anashika pembe mbili za juu. Mwenye mzigo anakunja magoti kidogo, anageuza bega, na gunia linashuka kwa mikono minne mpaka linagusa chini bila kishindo. Vumbi la dagaa linainuka kidogo, harufu yake inakujia puani, kisha linakaa. Kuli ananyoosha mgongo, anapumua.

Hapo umekiona kitendo kizima cha kutua. Kuna uzito. Kuna safari iliyotangulia. Kuna mahali palipokusudiwa. Kuna mkono unaozuia kasi mzigo usishuke kwa nguvu zake wenyewe. Na mwishoni kuna kupumzika. Ukikosa kimoja kati ya hivi, neno linaanza kuyumba.

Sasa msubiri kuli aliyechoka, au aliyepunjwa ujira. Huyo haombi kutuliwa. Anafika penye rundo, anainamisha bega, gunia linajiendea lenyewe: pu! Korongo waliokuwa wamesimama kando wanaruka. Hakuna mtu pale Mwaloni atakayesema ametua mzigo. Ameubwaga. Tofauti hiyo ya kutua na kubwaga uiweke karibu, tutaihitaji tukifika kwenye vyombo vilivyovunjika.

Hata wasiowahi kukanyaga Mwaloni wanalijua neno hili kwa maana yake ya mzigo. Ni mara ngapi umesoma redioni habari ya mradi wa maji yenye maneno "kumtua mama ndoo kichwani"? Ile kaulimbiu imeingia kwa watu kwa sababu haikubuniwa mezani. Mwanamke aliyetoka kisimani ndoo ikiwa kichwani, mgongo umenyooka, macho mbele, hawezi kuitua peke yake bila kumwaga maji. Akifika nyumbani humwita mtoto: njoo unitue. Serikali ililichukua neno la uani ikalipeleka kwenye bajeti, na kila mama akalielewa bila kufasiriwa. Angalia pia sarufi yake: unamtua mtu, unautua mzigo. Kitenzi hiki kinapokea yambwa tangu mwanzo. Ndiyo maana "rubani aliitua ndege" ni Kiswahili safi, wala huna haja ya kuzunguka na "rubani aliifanya ndege itue".

Jua nalo hutua. Ukiwa Capri Point jioni unaliona likishuka ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema, likiwa zito na jekundu, na hakuna aliyewahi kudhani tumeliazimia jua neno la uwanja wa ndege. Wenye mitumbwi ya tanga huko Ukerewe wakikaribia mwalo hutua tanga, yaani hulishusha, na wakitoka hulitweka. Mtumbwi wenyewe hautui. Mtumbwi hufika, hufunga, hutia nanga. Ni tanga na mzigo ndivyo vinavyotuliwa, kwa sababu ndivyo vilivyoinuliwa. Kitu hutua kama kilikuwa juu.

Kuhusu ndege, tarehe zinatosha. Ndugu wawili wa Wright waliruka kule Marekani Desemba 17, 1903. Mwanza ilipata safari ya ndege ya kila wiki kutoka London Februari 28, 1931, ya shirika la Imperial Airways. Miaka mingi kabla ya hapo misafara ya wapagazi, Wanyamwezi na Wasukuma wengi miongoni mwao, ilikuwa ikitembea kutoka bara hadi pwani na kurudi, na kila jioni ilitua. Mahali walipotua mizigo paliitwa kituo.

Hapa ndipo utamu wa neno ulipo, kwa hiyo twende polepole. Kiswahili kina vitenzi vingi vinavyoishia na irabu mbili ambavyo vimemeza sauti ya l. Hatuisikii vikiwa peke yake, lakini tukivinyambua inajitokeza: chukua, chukulia, fungua, fungulia, pokea, pokelea, ondoa, ondolea. Kutua ni wa ukoo huohuo. Ukikinyambua unapata tulia. Kutulia, kwa asili, ni kutua mahali ukakaa hapo. Mtoto tunayemwambia "tulia!" tunamwambia, bila wenyewe kuwaza, aweke chini alichokibeba ndani. Kutoka tulia tukapata tuliza, kitulizo, mtulivu na utulivu. Kuna na tuama: maji yakikosa pa kwenda hutuama, na kila msimu wa mvua wataalamu wa afya wanatukumbusha tufukie maji yaliyotuama kwa sababu mbu huzaliana humo.

Na kituo hicho cha misafara angalia kilivyozaa. Kituo cha mabasi Nyegezi. Kituo cha afya. Kituo cha redio, ambamo wewe umekaa. Kituo cha kuandikia, ile nukta inayomaliza sentensi, kwa sababu msomaji hapo hutua pumzi kabla ya kunyanyua sentensi nyingine. Washairi nao wanauita mshororo wa mwisho wa ubeti kituo, kwani hapo fikra ya ubeti inashushwa chini. Mtu asiyetulia tunasema hana kituo. Msemaji asiyenyamaza anasema bila kituo.

Sasa uchukue ukoo huo wote, tua, tulia, utulivu, kituo, twende nao Mwezini.

Julai 20, 1969, ilipotimu saa 5:17 usiku kwa saa za hapa kwetu, wanaanga wawili wa Marekani, Neil Armstrong na Buzz Aldrin, walikuwa ndani ya chombo kilichoitwa Eagle, yaani Tai. Mwenzao wa tatu, Michael Collins, alibaki akiuzunguka Mwezi katika chombo kikuu. Mahali palipochaguliwa kushukia ni uwanda mweusi ambao mtaalamu wa nyota wa Italia, Riccioli, aliupa jina katika ramani yake ya mwaka 1651. Aliuita kwa Kilatini jina ambalo kwa Kiswahili ni Bahari ya Utulivu. Maji hayamo. Ni lava iliyomwagika zamani ikaganda, na ukiwa duniani inaonekana kama doa jeusi usoni mwa Mwezi.

Walipokaribia, Armstrong aliona kwamba kompyuta inawapeleka kwenye shimo lililozungukwa na mawe makubwa. Akashika usukani mwenyewe, akakivusha chombo mbele kutafuta mahali pa tambarare, huku mafuta ya kushukia yakipungua mpaka yakabaki ya chini ya dakika moja. Vumbi likaanza kutimka chini yao. Miguu ya chombo ilining'iniza fimbo nyembamba za kupimia, kila moja ya urefu wa mita 1.7 hivi, ili fimbo iguse kabla ya mguu na taa iwake ndani. Mvuvi wa ziwa hili anaielewa fimbo ile bila maelezo: ni upondo. Usiku ukiwa hauoni chini, unatanguliza upondo, ukigusa mchanga unajua umebakiza kiasi gani. Taa ikawaka, Aldrin akasema fimbo imegusa, injini ikazimwa. Kisha Armstrong akawaambia waongozaji wa safari waliokuwa Houston, Marekani, kwamba hapo ni Kituo cha Utulivu, na kwamba Tai ametua.

Isome tena sentensi hiyo kwa Kiswahili, kwa sauti. Kituo. Utulivu. Ametua. Maneno matatu, mzizi mmoja. Kwa Kiingereza alichosema Armstrong kina maneno matatu yasiyojuana: moja la msingi, moja la Kilatini, moja la ardhi. Kwa Kiswahili sentensi nzima imejengwa na kitendo cha kuli wa Mwaloni anayenyoosha mgongo. Nilipoligundua jambo hili niliacha kalamu nikatoka nje kuutazama Mwezi, na tangu siku hiyo sijaweza kumfundisha mtu neno kutua bila kulisimulia.

Kuhusu huyo tai, nikuongezee kidogo. Nembo ya safari ile ilimchora tai wa Marekani mwenye kichwa cheupe, akishuka juu ya Mwezi na tawi la mzeituni. Ndege yule ana undugu wa karibu na furukombe wetu wa ziwani, mwenye kichwa cheupe vilevile na mlio unaosikika kisiwa hadi kisiwa. Ukitaka wasikilizaji wa Ukara na Kome wamwone huyo tai vizuri, wamwoneshe furukombe.

Na huyo furukombe anatufungulia swali lako la pili. Mtazame anapovua. Anashuka kwa kasi, anachovya kucha, anamnyanyua samaki, anaondoka. Je, ametua majini? Hapana. Amegusa tu. Atakapofika kwenye mti wake, akakunja mbawa, hapo ndipo atakuwa ametua. Ndege aitwaye mwari, yeye anashuka juu ya maji akakaa, huyo ametua ziwani. Kwa hiyo maji si tatizo. Miaka ya 1930 ndege za majini zilitua juu ya ziwa hili kule Kisumu, na Armstrong na wenzake walitua baharini, katika Pasifiki, Julai 24, siku nne baada ya kutua Mwezini. Linalotazamwa ni kama kitu kimeshushwa kikakaa.

Vyombo vya anga za juu vinatupa mifano mizuri ya tofauti hii. Oktoba 20, 2020, chombo cha Marekani OSIRIS-REx kilifika kwenye kijiwe cha angani kiitwacho Bennu, kikanyoosha mkono, kikagusa kwa sekunde sita hivi, kikachota mchanga na kokoto, kikaondoka. Waandishi wengi waliandika kwamba kimetua Bennu. Mimi ningeandika kimegusa na kuchota, maana kimefanya kazi ya furukombe. Philae, chombo kidogo cha Ulaya, chenyewe kilishushwa juu ya kimondo cha mkia Novemba 12, 2014. Vifaa vya kukishikiza havikufanya kazi, na kwa kuwa mvuto wa pale ni mdogo mno, kilidunda kikaelea karibu saa mbili kabla ya kugusa tena, kisha kikajikuta kivulini. Hapo ningesema kiligusa, kikadunda, hatimaye kikatua. Kiswahili hakikunyimi maneno, na msikilizaji anapata picha nzima.

Sasa vilivyovunjika. Septemba 1959 chombo cha Warusi, Luna 2, kilikuwa kitu cha kwanza kilichotengenezwa na binadamu kuufikia Mwezi. Kiliufikia kwa kuugonga. Ndivyo kilivyokusudiwa. Baadaye Wamarekani nao walipeleka vyombo vya Ranger vikipiga picha mpaka vinajipasua kwenye mawe. Hivyo havikutua, hata kidogo. Viligonga. Aliyetua kwanza ni Luna 9, Februari 3, 1966. Shida ilikuwa kwamba Mwezini hakuna hewa. Mwavuli hauna cha kushika. Kitu kinachoanguka huko kinaendelea kuanguka, na mkono pekee unaoweza kukizuia ni injini inayosukuma kinyume cha mwendo. Luna 9 ilitumia injini hiyo kupunguza kasi, kisha karibu na chini ikakitema kifaa chenye kamera kikiwa kimevikwa mifuko ya hewa, kikadunda kama mpira, kikakaa, kikafunguka, kikatuma picha. Mkono uliozuia ulikuwepo, na kifaa kikafika kizima. Ndiyo maana tunasema kilitua.

Mwezi Agosti 2023 tuliona vyote viwili ndani ya siku chache. Tarehe 19 chombo cha Urusi, Luna 25, kilipoteza mwelekeo kikaugonga Mwezi. Tarehe 23 chombo cha India, cha safari ya Chandrayaan-3, kilishuka karibu na ncha ya kusini kikasimama kwa miguu yake. Cha kwanza kilianguka, cha pili kilitua. Usiandike "kimetua vibaya" kwa chombo kilichosagika. Gunia lililobwagwa halijatuliwa vibaya. Limebwagwa.

Nina sababu ya kulikazia hili, na iko hapahapa ziwani. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria iliyokuwa inakwenda kutua Bukoba iliangukia ziwani ikiwa karibu na uwanja. Walikuwemo watu 43, wakafariki 19, na wavuvi waliokuwa jirani ndio waliotangulia kupiga makasia kwenda kuokoa. Siku ile nilisikia mtangazaji mmoja akisema ndege "imetua ndani ya ziwa". Kuna watu walikuwa wanasikiliza redio wakisubiri jina la ndugu yao. Neno kutua liliwapa picha ya kitu kilichoshushwa salama, dakika chache, kabla ya ukweli kufika. Iliyoanguka tuseme imeanguka.

Vipo vya katikati, na ni haki ukiviuliza. Januari 2024 chombo cha Japani, SLIM, kilifika Mwezini ndani ya mita 100 za mahali kilipolengwa, lakini kilikuwa kimepoteza sehemu ya injini moja kikaishia kusimama kwa pua. Mwezi uliofuata, tarehe 22, chombo cha kampuni ya Marekani kilichoitwa Odysseus kilivunja mguu kikaegama ubavu. Vyote viwili vilituma habari baada ya hapo. Mimi navihesabu kuwa vilitua. Gunia likishushwa kwa mikono kisha likalala ubavu badala ya kusimama, mwenye gunia atalalamika, lakini hatasema limebwagwa. Andika: "kilitua, kikaegama." Viwili hivyo vinatosha.

Nimefika kwenye ulaini, ambako mhariri wako ana haki. Wazungu waliunganisha neno lao la kutua na neno lao la ulaini, ili kutenganisha kutua, kama kwa Luna 9, na kugonga, kama kwa Luna 2. Walihitaji hivyo kwa sababu neno lao la kutua linamaanisha tu kufika ardhini. Letu lina mkono unaozuia tayari ndani yake. Ukisema "kutua kwa ulaini" unarudia kilichokwishasemwa, tena kwa neno lisilofaa. Laini kwetu ni sifa ya kitu: kitambaa laini, ugali laini, sauti laini. Na vijana wakisema "kilaini" wanamaanisha kirahisi: "tumewafunga kilaini". Msikilizaji wa Igoma akisikia chombo "kimetua kilaini" ataelewa kwamba kazi ilikuwa nyepesi, na hakuna kazi iliyokuwa nyepesi pale. Ukitaka kutilia mkazo, sema kilitua taratibu, au kilitua salama.

Utakutana na msemo huohuo kwenye habari za uchumi. Wachumi nao waliuchukua kutoka kwenye safari za angani. Bei zinapopanda mno, Benki Kuu hupandisha riba ili watu wakope kidogo na kutumia kidogo, na mfumuko wa bei ushuke. Ikizuia kidogo, bei haziteremki. Ikizuia mno, biashara zinafungwa na watu wanapoteza kazi, uchumi unaingia kwenye mdororo. Wakipatia katikati, husema uchumi umetua vizuri. Picha hii inakaa barabara katika Kiswahili, pengine kuliko ilikotoka, kwa sababu riba ndiyo ile mikono miwili ya kuli wa pili: bila hiyo mzigo unaanguka, ikivuta kwa nguvu inamwangusha mwenye mzigo. "Uchumi umetua taratibu" ni sentensi nitakayoipitisha. "Uchumi umetua kwa ulaini" nitaifuta kama mhariri wako.

Kurasa za michezo je? Hapo simkubalii mhariri kwa jumla, wala siwapitishi waandishi wote. Mchezaji ambaye mwezi mzima amekuwa akivutwa huku na huku, leo anasemwa huku, kesho kule, mashabiki roho juu, siku akisaini ni sahihi kabisa kusema ametua. Kulikuwa na kitu hewani, na sasa kimekaa. Timu inayokuja kucheza CCM Kirumba "ikatua Mwanza", hata kama imekuja kwa basi, sina ugomvi nayo, maana safari imefika mwisho na mabegi yamewekwa chini. Ninachokikataa ni pale neno linapofanywa kiberiti cha kuwashia kila kichwa cha habari: barua yatua, ripoti yatua, bei mpya zatua, jezi zatua. Bei mpya haikubebwa na mtu wala haikutafuta mahali pa kukaa. Imetangazwa. Kwa wingi huo neno linapungua uzito, na hili neno lisipokuwa na uzito limekufa. Waandishi haohao, kwa bahati njema, wamelitunza pacha wake: wakisema timu "itajibwaga uwanjani" wanamaanisha inaingia kwa nguvu zote, bila kujizuia. Hawasemi "itajitua uwanjani". Masikio yao bado yanajua.

Matumizi ninayoyapenda zaidi hayapo gazetini. Mtu aliyelipa deni la muda mrefu husema, "Nimetua mzigo." Mama aliyepigiwa simu kwamba mwanawe aliyekuwa ziwani wakati wa dhoruba amefika mwaloni husema, "Sasa moyo umetua." Msiba ukiisha, watu wakitawanyika, mfiwa anaweza kuambiwa, "Utatua pole pole." Hapo hakuna ndege wala roketi, na bado ni neno lilelile la Armstrong.

Mambo mawili madogo ya kazi, kisha nikuache. La kwanza, usiandike "kuingia mwezini" unapozungumzia safari hizi, hasa habari ikimhusu mwanaanga mwanamke. Unajua msemo huo watu wazima wanauelewaje. Andika "kutua Mwezini" au "kufika Mwezini", herufi kubwa. Na usiseme "kutua kwa Mwezi", maana hapo Mwezi wenyewe ndio unaozama.

La pili ni kituo cha kimataifa cha anga za juu. Kimekaliwa na watu bila kukatika tangu Novemba 2000, kiko juu kilomita 400 hivi, na kinaizunguka dunia kila dakika 90. Tunakiita kituo, na hakijawahi kutua hata mara moja. Jina lina haki yake, maana wanaanga ndiko wanakoweka mizigo na kulala. Ila chombo kinachokwenda kuungana nacho usiseme kimetua kituoni, kwa sababu vyote viwili bado vinakimbia kasi ileile. Sema kimeungana nacho, au kwa sisi watu wa ziwa, kimefunga gati.

Basi sentensi yako irudi hewani hivi: "Agosti 23, 2023, saa 9:33 alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, chombo cha India kilitua taratibu Mwezini, karibu na ncha ya kusini." Unapoisoma, weka kituo kifupi baada ya "Mwezini". Wengi wanaokusikiliza wako ndani ya mitumbwi, redio ikiwa imefungwa kwenye begi la plastiki isilowe, na kelele za injini hula maneno ya mwisho.